Moto wa Juu na wa Chini: Barua kutoka Bremen

Mama, Shangazi, Mjomba na wote wa Barabara ya Kumi, Ngamiani, Tanga,

Nilikuwa nimepanga kuandika nikishapata la maana la kuwaambia, lakini limetokea jambo ofisini na nikikaa nalo peke yangu nitapasuka.

Jambo lenyewe ni hili. Katika nchi hii ya Ujerumani, siku yako ya kuzaliwa ikifika, keki unaoka mwenyewe. Msirudie kusoma, ndivyo ilivyo. Mwenye siku yake ndiye anayeoka, ndiye anayeibeba kwenye tramu, ndiye anayeikata na kuwagawia wenzake, na wakishashiba ndiye anayebaki jikoni kuosha sahani. Mchango wa wengine ni kuja mmoja mmoja kukupa mkono huku wakikutazama machoni, kisha wanaketi kungoja kipande chao. Kwetu mwenye siku yake anaviziwa mlangoni anamwagiwa maji, akizubaa anaongezewa unga na mayai, halafu analishwa keki na watu wanaopigana vikumbo waonekane kwenye picha. Hapa ukimmwagia mwenzako maji ofisini, nadhani polisi watakukuta ndoo bado iko mkononi.

Bwana mmoja anayekaa dawati la mkabala nami alifungua kalenda ya idara, akaweka kidole juu ya Jumatatu, akaniuliza kwa upole, "Utaleta nini?" Nikamwambia ripoti iko tayari. Akanitazama kwa huruma. "Keki," akasema. Basi mnanijua. Mtoto wenu hajawahi kuulizwa swali mbele ya watu akajibu kwa kiasi. Nikasikia mdomo wangu ukitamka: keki ya stroberi, ya matabaka matatu, yenye krimu ya kupigwa, naioka mwenyewe. Ofisi nzima ikageuka. Mtu ambaye kazi yake kwenye keki, tangu azaliwe, ilikuwa kulamba sufuria.

Na wewe Mama, ule ujumbe wako wa sauti wa kunitakia heri, ule wenye vigelegele vya majirani, uliufikisha mapema. Niliusikiliza ofisini, na huyo bwana wa mkabala akabadilika rangi. Kumbe huku kumpongeza mtu kabla siku yenyewe haijafika ni mkosi mkubwa. Watu hawa, waliokuja Tanga na meli na kutujengea reli hadi Moshi, waliotucheka kwa kumwogopa bundi! Alinisihi nisiuchezeshe tena mpaka Jumatatu. Nilikwenda nao chooni nikausikiliza huko mara ya pili, na nikiri vile vigelegele vinasikika vizuri zaidi kwenye vigae.

Tuje kwenye manunuzi. Unga wa ngano wa hapa una namba. Si bei wala uzito, ni namba tu juu ya mfuko: 405, 550, 1050. Nilisimama mbele ya rafu nikijaribu kukisia, mwisho nikamuuliza kijana aliyekuwa akipanga bidhaa, naye akafurahi kuliko nilivyotarajia. Unga, akasema, hupelekwa maabara, huchomwa kwenye tanuri kali mpaka yabaki majivu, kisha majivu hayo hupimwa kwa miligramu. Namba inatoka hapo. Majivu yakiwa machache, unga ni mweupe na laini, wa keki. Yakiwa mengi, una pumba, ni wa mkate. Shangazi, wewe unga unausugua kati ya vidole viwili, unaunusa, unasema, "Huu wa zamani, urudishe kwa Mpemba." Hawa wenzetu wameuchoma kabisa ili waujue.

Mayai nayo. Kila yai lina muhuri. Tarakimu ya kwanza inakueleza maisha ya kuku: 0 ni kuku wa kilimo hai, 1 ni anayetoka nje kutembea, 2 yuko bandani lakini hana kizimba, 3 ni mfungwa. Inafuata DE, yaani Ujerumani, halafu namba zinazokupeleka mpaka kwenye jimbo, shamba na banda lenyewe. Kuku wa hapa ana anwani kamili, na sisi barua zetu bado zinaandikwa "nyuma ya msikiti, ulizia kwa fundi baiskeli." Nilichukua ya namba 1. Aliyelelewa na kuku wa Bibi, wanaoingia hadi sebuleni na kukuangalia kana kwamba wewe ndiye mgeni, hawezi kununua yai la kuku ambaye hajawahi kuona uwanja.

Krimu ilikuwa rahisi, maana sheria imeshaamua: krimu ya kupiga lazima iwe na mafuta asilimia 30 au zaidi, na hakuna wa kukuuzia maziwa mazito akaapa kuwa ni krimu. Kilichonichelewesha ni ule unga wa kuikazia isiporomoke. Vigandishio vingine huku vina jelatini, na jelatini nyingi ni ya nguruwe. Nilisoma maandishi madogo mpaka macho yakatoa machozi. Tulia, Mama. Nilichochukua ni cha wanga.

Stroberi sikununua dukani. Juni ndiyo msimu wake, na nje ya mji kuna mashamba ambayo mwenye shamba hachumi. Nilikwenda Jumamosi kwa baiskeli. (Bremen ni mji wa baiskeli sawa na Tanga, ila hapa baiskeli ina njia yake, na ole wako uonekane unaitembelea kwa miguu.) Unafika na chombo chako, kinapimwa kikiwa kitupu, unaonyeshwa mstari wako, unainama unachuma, unapimiwa, unalipa. Yaani umemfanyia mtu kibarua na mshahara umempa wewe. Watu wamevaa kofia, wamekuja na watoto na wazazi wao, wanaona wamepata bahati.

Na ukiwa ndani ya shamba, kula ruksa. Mdomo hauwekwi kwenye mizani. Mimi niliyefukuzwa na mbwa kwenye miembe ya watu wote wa Ngamiani, nilikula ya kwanza nikitazama nyuma. Ya pili niliila nikitazama pembeni. Baada ya hapo sikutazama popote. Mbele yangu alikuwepo bibi mmoja na mjukuu wake, midomo na vidole vyekundu hadi kwenye kucha, kikapu chao kina stroberi za kufunika kitako tu, na walisimama kwenye mizani bila haya yoyote. Nikasema, hawa ni watu wangu. Bibi yule ndiye aliyenifundisha kutazama mabega ya tunda: likiwa na weupe karibu na kikonyo, liache, kwa sababu stroberi ikishachumwa haiivi tena. Huwezi kuifukia kwenye majani makavu uvunguni ukasubiri, kama tunavyofanya kwa ndizi. Ama imeiva mmeani, ama imekosa nafasi yake.

Nilipokuwa nimeinama pale niliwaza Lushoto. Wanazilima kule juu, mwendo wa saa chache tu kutoka nyumbani, na maisha yangu yote sikuwahi kupanda kwenda kuziangalia. Nimekuja kuchumia stroberi Ujerumani.

Sasa Jumapili. Keki ya krimu haikai, kwa hiyo keki ya Jumatatu lazima iokwe Jumapili, na Jumapili ya huku inalindwa na Katiba. Sitanii. Ibara ya 139 ya Katiba ya Weimar ya mwaka 1919 iliitenga Jumapili kuwa siku ya kupumzika na kuinua roho, na ile Sheria yao ya Msingi ya 1949 ikaibeba ilivyo, nayo inafanya kazi mpaka leo. Maduka yamefungwa. Kutoboa ukuta kwa drili, usithubutu. Hata chupa tupu huruhusiwi kuzitumbukiza kwenye pipa la mtaani, kwa kuwa zinalia. Mlangoni pa nyumba yetu ipo karatasi ya kanuni iliyowekwa ndani ya fremu ya kioo, na kwenye karatasi hiyo Jumapili haina saa ya kuanza kelele kabisa.

Jumapili yangu ya kwanza hapa nilidhani kuna msiba. Niliamka nikasikia kimya, nikavaa shati la heshima, nikashuka ngazi kuulizia ni nani aliyetutoka. Nyie mna muuza kahawa anayegonganisha vikombe, kwaya upande huu, mdundiko upande ule, Mjomba anarekebisha redio ambayo haijaharibika. Mimi nina friji. Jumapili friji yangu ikijizima, najikuta nimeinua kichwa kusikiliza imeenda wapi.

Katika kimya hicho ndimo nilimotakiwa kupiga mayai. Keki hii haitaki siagi wala hamira ya unga. Ni mayai na sukari vinapigwa mpaka vipauke na kufura, halafu unga na wanga kidogo vinakunjwa ndani kwa mkono mwepesi, na hewa uliyoiingiza ndiyo inayoinua keki yote. Ukipiga nusunusu unapata chapati. Mashine yangu ya kupigia niliinunua mitumba, na ina mlio wa bodaboda iliyotolewa mafla. Nilifunga madirisha, nikafunga mlango wa jikoni, nikajifunika kanga mimi, bakuli na mashine pamoja, nikawa napiga mayai humo gizani nikihesabu kimoyomoyo. Kanga ni ile uliyonipa uwanja wa ndege, Shangazi. Sasa ina nukta za njano kwenye pindo na sidhani kama zitatoka.

Nikafika kwenye oveni.

Oveni ya nyumba hii haiwaki mpaka uiambie ni saa ngapi. Umeme ulikuwa umekatika kidogo usiku (ndiyo, hata huku, ila wanakuomba radhi kwa barua), kwa hiyo ilikuwa inamwekamweka sufuri nne. Nikazungusha kitufe cha moto, tuli. Nikazungusha cha pili, tuli. Mashine yenye umeme wote wa kuweza kuchoma ng'ombe imekaa inasubiri kuelezwa saa. Nikaiuliza kwa Kiswahili saa inakuhusu nini wewe, haikujibu. Bremen ilikuwa saa 10:20 kwa hesabu yao. Nikakumbuka kuwa Tanga imetangulia saa moja, na kwetu hiyo ni saa tano na dakika ishirini asubuhi, basi nikaiandikia 5:20. Ikawaka papo hapo! Haikutaka ukweli, ilitaka fomu ijazwe. Sijaibadilisha mpaka leo. Kila nikipita jikoni najua saa ya ukutani kwa Mama inasemaje, na sihitaji tena kuhesabu kwa vidole kabla ya kupiga simu.

Saa ikishawekwa, kuna kitufe cha michoro. Hakuna hata herufi moja juu yake. Kuna mraba wenye mstari juu, mraba wenye mstari chini, mraba wenye mistari yote miwili, mraba wenye meno ya msumeno, feni, feni ndani ya duara, feni yenye mstari, taa, na kimoja chenye tone la maji na theluji. Nchi iliyopata maneno ya kutosha kuandika sheria ya mlio wa chupa, ilipofika kwenye oveni ikaishiwa. Niliketi sakafuni na kitabu cha maelekezo kilichonenepa. Kikataka digrii 180 kwa alama ya mistari miwili, au 160 kwa feni, maana hewa inayozunguka inaivisha upesi. Sawa. Lakini mistari miwili ni nini?

Nikaufuata mstari wa juu kwa kidole. Nikaufuata wa chini. Mraba katikati, na ndani ya mraba keki.

Shangazi, ni sufuria yako! Ni ile sufuria kubwa nyeusi nyuma ya nyumba, yenye mchanga kitakoni, ndani yake sufuria ndogo ya keki, juu yake bati, na juu ya bati makaa uliyoyapalia kwa koleo. Moto wa chini haba, wa juu mwingi. Nakuona umeketi kwenye mbuzi ya nazi isiyotumika, umenyoosha kiganja juu ya bati, unasema "Subhanallah" taratibu: ukilimaliza neno zima bila kuuondoa mkono, moto umepoa, ongeza kaa, ukiuondoa katikati ya neno, umezidi, punguza. Hicho ndicho kipimo, na hakuna Idi keki yako ilipotoka mbichi. Wajerumani wamejenga viwanda, wamesomesha wahandisi, wameunda kioo kisichopasuka kwa joto, wakatoka na mraba wenye mstari juu na mstari chini wakauandikia kitabu. Nilicheka peke yangu sakafuni Jumapili, kwa sauti ya chini, kama inavyotakiwa kisheria.

Na si hilo tu. Kitabu kinaonya kuwa usifungue mlango wa oveni mapema, keki itakaa chini. Mnakumbuka tulivyokatazwa kukimbia uani keki ikiwa motoni? Miaka yote hiyo nilidhani ni ujanja wa wakubwa wa kututuliza. Tena kinasema uijaribu kwa kijiti, kikitoka kikavu imeiva. Kijiti! Mimi nilikuwa nimezoea kuchomoa chelewa kwenye ufagio, lakini ufagio wa hapa ni wa plastiki na ukiuchomeka kwenye keki moto utabaki humo. Nikatumia kijiti cha mishikaki. Kikatoka kikavu. Nikapiga picha kijiti, si keki, nikawatumia. Mjomba akajibu, "Kuni zimepanda bei?"

Kuikata matabaka ndiko kulikonipendeza kuliko yote, na hili naomba mlijaribu. Kisu hakitakiwi. Keki ikishapoa kabisa unachukua uzi, unauzungushia kiunoni mwake, unapishanisha ncha mbele, unavuta polepole. Uzi unaingia ndani bila kubomoa kitu, keki inaachana yenyewe, unanyanyua kifuniko. Uzi niliutoa kwenye lile kopo la biskuti ulilonifungia, Mama, ambalo halijawahi kuwa na biskuti: sindano, vifungo vya mashati niliyoyaacha huko, na uzi mweusi wa suruali. Keki ya stroberi ya Bremen imekatwa na uzi wa Tanga. Kipande cha kati kilitoka chembamba upande mmoja, nikakigeuzia ukutani.

Ikabaki krimu. Krimu ni baridi tupu. Bakuli na vipigio vinakaa kwenye friji kwanza, maana yale mafuta ndani yake yakiwa baridi hushikana na kuizingira hewa, ndiyo inasimama. Yakipata joto hayashikani, utapiga mpaka Magharibi. Ukipitiliza nayo, yanashikana mno, maji yanajitenga na unabaki na siagi. Kati ya supu na siagi kuna nafasi finyu, na hapo katikati ndipo mtu anatakiwa asimame, ndani ya kanga, akisikilizia jirani.

Mlango ukagongwa.

Nilizima mashine. Nikaifunga kanga kiunoni, nikapanga sentensi ya kuomba radhi, kitenzi nikakiweka mwisho wanakopenda wao, nikafungua. Alikuwa bibi wa ghorofa ya chini, yule anayenisalimu kwa kidevu. Sikupewa nafasi ya kuitumia sentensi yangu. "Umezima mapema," akasema. "Bado nyepesi. Nimeisikia." Alikuwa amekaa kwake chini akiisikiliza krimu yangu kupitia sakafu! Kumbe inapokaza mlio wa mashine unashuka, na wangu ulikuwa haujashuka. Mkononi alikuwa na chombo chake, kipigio cha chuma chenye mpini wa kuzungusha, cha zamani kutuzidi mimi na wewe, Mama, kisicho na waya wala mlio. Akaingia, akaitazama ile kanga, akaitazama saa ya oveni iliyokuwa ikisoma saa nane na nusu, akaamua kutouliza.

Akazungusha. Mkono ule una miaka yake lakini haukupumzika. Krimu ikaanza kuacha mifereji, mifereji ikakaa bila kuzibika. Kisha akanyanyua bakuli, akanitaka nisimame wima, akalipindua juu ya kichwa changu.

Halikudondoka tone. Ndivyo wanavyopima huku, ikining'inia imekuwa tayari. Nami nilisimama pale macho nimefumba, nikafikiria kuwa mwaka huu hapa ndipo nilipofika karibu kabisa na kumwagiwa kitu. Nilimwambia kesho ni siku yangu ya kuzaliwa. Akakunja uso akasema basi hawezi kunipongeza leo. Nikamkatia stroberi mbili akazila amesimama. Kuhusu kelele nilimuuliza mwenyewe, maana roho haikutulia. Alisema drili ni kelele, krimu si kelele. Tafsiri hiyo ya Katiba sijaiona imeandikwa popote, lakini sasa ndiyo ninayoifuata.

Safari ya kwenye tramu sina haja ya kuielezea sana. Nilipakata boksi, na abiria watatu ambao hawakuwahi kunisemesha tangu nifike nchi hii waliniagiza nilishike sawasawa.

Ofisini walikula. Walikula kimya, wanaheshimu kitu kikiwa mdomoni, na keki ikaisha kabla ya saa sita ya kwetu, nikaosha sahani. Bwana wa mkabala alisubiri nimalize kula ndipo akanifahamisha kuwa stroberi si beri. Zile mbegu ndogo za nje, kila moja ni tunda lake, na hii nyama nyekundu tunayoila ni kikalio cha ua kilichovimba. Beri halisi, akasema, ni ndizi. Nilikuwa na krimu kwenye pua. Sikuwa na la kumjibu.

Lakini dada mmoja wa idara ya hesabu alikuja na habari nzuri zaidi. Zamani stroberi za Ulaya zilikuwa vijitunda vya msituni. Mwaka 1714 ofisa wa Kifaransa aitwaye Amédée-François Frézier, aliyekuwa ametumwa kupeleleza ngome za Wahispania huko Chile, alirudi na miche ya stroberi za kule zenye matunda makubwa. Miezi yote baharini miche ile inanyweshewa maji ya kunywa. Wakaipanda, ikastawi majani, ikatoa maua, haizai. Ilikuwa yote majike! Ilikaa hivyo mpaka ilipopata jirani, stroberi za Virginia kutoka Marekani ya Kaskazini, na hapo ikazaa. Kizazi chao ndicho stroberi inayolimwa duniani leo, hadi hiyo ya Lushoto. Kwa hiyo hili tunda ambalo Wajerumani wanalipangia foleni kila Juni wakidai halina mfano kwa kuwa ni la hapahapa, ni mtoto wa wageni wawili waliokutana ughaibuni, na kila mmoja ana kwao.

Mama, najua mawazo yako yamekwenda wapi. Yarudishe. Ila kwa kuwa umeyaanzisha, kuna jambo lazima ulijue kabla ya watu hawajakuletea: katika mji huu, mwanamume akitimiza miaka 30 bila kuoa, rafiki zake wanampeleka kufagia ngazi za kanisa kuu la katikati ya mji, mchana kweupe, wao wakimmwagia takataka za kufagia upya. Haachiwi mpaka aje msichana ambusu. Mwakani nafikisha 30, na bwana wa mkabala ameshaitia kwenye kalenda. Nilimweleza kuwa mimi ni Mwislamu. Akasema ufagio hauna dini.

Namalizia na lililo la haraka. Kwa kuwa keki imepita salama, sasa wanataka mwakani niwaletee ya kwetu, na mdomo wangu, mnaujua, umeshaahidi mkate wa kumimina. Shangazi, nakuomba kipimo. Naomba kwa gramu. Usiniandikie "kiasi," usiniandikie "mpaka uone inatosha," usiniandikie tui "la kuelea," kwa sababu mizani yangu haina alama hizo na huyu bwana atataka kuona karatasi. Mchele uloweke, usage, upime kila kitu kabla hujakitia, kaka akushikie kalamu. Kuhusu moto usiandike chochote, huo naujua. Na akitokea mtu wa kuja huku, mpe iliki ya kutoka Amani, iliyo bado kwenye maganda. Ya hapa inauzwa ndani ya kichupa, imeshasagwa, na hainuki kitu.

Wasalaam,
Mwanenu wa Bremen